Pipa la Tatu Linanuka

Mtu akiniuliza kwa nini sinywi wiski, huwa nasema tumbo langu haliiwezi. Ni uongo. Tumbo langu halina shida yoyote. Shida ni herufi moja, na hasira yake haijaniisha mpaka leo.

Miaka ya tisini nilikuwa mkaguzi wa mpunga kwenye mashine ya kukoboa pale Mlabani, Ifakara. Kazi yangu ilikuwa kunusa. Mkulima analeta gunia, nalichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, punje zinateleza mpaka kiganjani, nazipeleka puani. Mpunga mzuri wa bonde letu unanukia hata kabla ya kukobolewa. Ule ulioanikwa nusunusu kisha ukafungwa unanuka gunia lililolowa, na hata ukiupika kwa nazi harufu ile haiondoki. Kuna waliokuwa wakificha mpunga mbichi katikati, mkavu wakauweka juu na chini, halafu wakaniamkia kwa heshima zote huku wakiangalia pembeni. Niliwarudisha na mizigo yao. Sikupendwa, ila hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba nimekosea.

Fundi wa mashine zetu alikuwa Mskoti, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu, aliyeishi Lipangalala kwa mkataba wa miaka mitatu. Kiswahili alijifunza kitabuni na alikiongea bila woga, jambo ambalo mwanzoni nililisifu. Siku tulipomkaribisha nyumbani, alifunua sufuria ya pilau akamwambia mke wangu, "Mama, chakula chako kinanuka sana." Mke wangu akaweka upawa chini. Nikaingilia haraka, nikamweleza mgeni kwamba chakula kizuri kinanukia. Kinachonuka ni soksi, choo na panya aliyefia darini. Akacheka.

"Kunuka, kunukia, kitu kimoja," akasema, akajipakulia.

Nilipaswa kubishana naye palepale. Nikaona ni mgeni, nikamsogezea kachumbari.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha, alikuja asubuhi moja kwenye kiofisi changu na kisanduku chenye vichupa vitatu, kila kimoja kimeandikwa namba kwa kalamu. Akanieleza mambo niliyokuwa siyajui. Kwao, wiski nyingi ya dukani huchanganywa kutoka mapipa mengi ili ladha isibadilike. Lakini wapo wafanyabiashara wadogo ambao hawana kiwanda. Wananunua pipa mojamoja kutoka kwa wenye viwanda, wanaijaza chupani kwa lebo zao wenyewe, bila kuichanganya na kitu. Pipa likiisha, wiski ile imekwisha duniani. Rafiki yake wa utotoni alikuwa mmoja wa watu hao. Mwaka ule alikuwa na uwezo wa pipa moja tu, na alikuwa ametuma sampuli za mapipa matatu ili Mskoti amchagulie.

"Lakini pua yangu imekufa," akasema. Vumbi la pumba lilikuwa limemziba kwa wiki kadhaa. "Wewe una pua kuliko watu wote wa bonde hili. Rafiki yangu atafuata neno lako."

Sifichi, nilivimba kichwa. Miaka yote pua yangu ilikuwa ikiamua magunia, na shukrani yake ilikuwa minong'ono nyuma ya mgongo. Sasa kuna mtu ng'ambo ya bahari anasubiri nimwambie lipi zuri. Nilitaka sana nisimwangushe.

Tulitumia glasi za chai. Alinielekeza kunusa kwanza, kuonja kidogo, kuongeza matone ya maji, kisha kunusa tena. La kwanza lilinichoma, lakini maji yalipoingia likafunguka: ndizi mbivu, asali, na kwa chini kitu kama mchele mpya unaoanza kuchemka. La pili lilikuwa moshi mtupu, kambale wa kubanikwa aliyepakwa dawa ya kidonda. Nilikohoa, nikarudia. La tatu nililijua kabla glasi haijafika puani. Gunia lililolowa, likasahauliwa kwenye kona ya ghala masika nzima. Nikaongeza maji, likazidi. Sijui pipa lile lilikuwa limeingiliwa na nini, ila ugonjwa wenyewe niliufahamu vizuri.

Nilitaka kuandika kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza cha shule ninacho. Akakataa katakata. "Andika kwa lugha yako, ndiyo yenye ukweli. Nitatafsiri mwenyewe."

Wakati huohuo lori la mpunga kutoka kijiji cha Mbingu lilikuwa limeingia uani na watu wananiita. Niliandika harakaharaka, tena kwa adabu, maana mali ya mtu haitukanwi. "Pipa la kwanza linanukia taratibu, kama mchele mpya. La pili lina moshi, linafaa kwa aliyezoea. La tatu linanuka kuliko yote, linanuka gunia lililolowa mvua." Neno uvundo sikuliandika. Wala sikuandika "chukua la kwanza," kwa sababu niliona mwenye akili zake ameshaelewa. Akaikunja karatasi, akanishika mkono kwa mikono miwili. Siku mbili baadaye akaondoka.

Ilipita kama mwaka, ndipo mwenzake mmoja aliyekuja kazini akaniletea kifurushi. Ndani mlikuwa na chupa na barua. Niliisoma lebo nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ilikuwa inasema kwa Kiingereza kwamba wiski hii ya pipa moja ina harufu nzito, ya kupendeza, ya magunia yaliyolowa mvua, kwa tathmini ya mwonjaji wa mchele wa Afrika Mashariki.

Walikuwa wamenunua la tatu.

Nikairudia karatasi yangu kichwani, nikaisoma kwa macho yake. Linanukia taratibu: harufu yake hafifu. Linanuka kuliko yote: hili ndilo lenye harufu tele. Niliwaka. Nilimkasirikia yeye na kitabu chake, nikajikasirikia mimi na adabu zangu. Magunia mangapi nimeyarudisha kwa harufu ile, mbele ya watu wenye watoto nyumbani, na sasa ninasomeka kama ninayeisifia.

Mke wangu akaja kuona ninachogomba nacho peke yangu. Akafungua kizibo, akanusa, akarudisha uso nyuma.

"Baba watoto, mbona hii inanuka?"

"Umesema inanuka, au inanukia?"

"Inanuka. Kwani mimi mzungu?"

Ningeweza kumbusu. Nikachukua karatasi nimwandikie Mskoti ukweli wote, hata kama pipa limeshauzwa, ili angalau mtu mmoja kule ajue kwamba mimi sikukosea. Kabla ya kuanza, nikamalizia barua yake. Alikuwa ameiandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kujitahidi. Alisema amestaafu, mvua haikatiki, na ametukumbuka kuliko alivyotegemea. Kila akifungua chupa ile, aliandika, nyumba yake yote inanuka Ifakara.

Nilikaa na ile kalamu mpaka chai ikapoa. Sikuandika kitu.