Mbuzi wa Shosho Alivyopata Wenyewe Kumi

Hata sasa nikiandika haya masikio yananiwaka, na niko peke yangu chumbani na mlango nimefunga. Shuleni mimi ndiye yule msichana wa kidato cha tatu anayejua jibu na hainui mkono (mwalimu wa Kemia aliwahi kuniuliza kama mimi ni mgeni, na hiyo ilikuwa muhula wa pili). Kwa hivyo mniamini nikisema sikuwahi kutaka kusimama mbele ya kanisa zima kuongea juu ya mbuzi.

Ilianza na binamu yangu Nyaga. Nyaga anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu, kule Nchiru, na utafiti wake ni kuifundisha kompyuta itambue mbuzi kwa sura, vile wewe unavyomtambua jirani yako: unampiga picha, inakwambia ni wa nani. Huku kwetu Mbeere mbuzi wakiibwa wanaonekana sokoni na kila mtu anaapa ni wake, kwa hivyo wazee waliifurahia sana hiyo habari. Basi likizo ya Agosti akanipa simu yake ya zamani na orodha ya boma kumi, ukiacha letu, la nyanya yangu Shosho.

"Kila boma mbuzi mmoja, picha thelathini, pande zote," akasema. "Igoki, nakutegemea. Profesa wangu akiona haifanyi kazi, mimi narudia mwaka."

Mwaka mzima! Nilisikia vizuri, siwezi kujitetea kwamba sikusikia.

Sasa, kumpiga mbuzi picha si kazi, kazi ni kuingia kwa watu. Huwezi kuingia boma la mtu ukaenda moja kwa moja kwa zizi kama mwizi. Unapiga hodi, unasalimia mmoja mmoja, unaulizwa wewe ni wa nani, unaletewa uji, unaumaliza, halafu unaulizwa uko darasa gani na mbona hunenepi. Nilianza kwa Mama Purity, na picha za mbuzi wake mmoja mweusi zilinichukua saa mbili na vikombe viwili. Boma la pili lilikuwa la Mzee Ireri. Nikafika kwa lango, nikainua mkono nigonge, nikamwona mjukuu wake Kelvin (tuko darasa moja, na hiyo ndiyo yote nitasema) akifua soksi. Mkono ukashuka wenyewe. Nikarudi nyumbani.

Na nyumbani alikuwepo Karembo, mbuzi wa Shosho, mweupe wote, mpole mpaka unaweza kumvalisha kofia. Nikajiambia, si mbuzi ni mbuzi tu? Nikampiga thelathini kando ya tangi, nikaandika "Mzee Ireri". Nikamvuta mpaka kwa choo cha mabati, thelathini, "Mama Faith". Nikampeleka kwa kamba ya nguo, thelathini, "Pasta". Kufika jioni Karembo alikuwa amechoka, na alikuwa na wenyewe kumi, Shosho akiwemo.

Nyaga akanipigia simu akipiga kelele. "Igoki, wewe ni moto! Inajibu sawa karibu kila picha!" Nikasema, "Sawa."

Siku ya majaribio ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, uwanjani pa kanisa. Profesa alikuja, mama mmoja mpole mwenye miwani na daftari. Nyaga alikuwa ameunganisha kompyuta na spika ya kanisa ili itaje jina kwa sauti. Akaomba mbuzi mtulivu wa kuanza naye, na Shosho akamleta Karembo akiwa ameogeshwa, wakasimama karibu na tangi la kanisa.

Spika ikasema: "Huyu ni mbuzi wa Mzee Ireri."

"Wa nani?" Shosho akauliza.

Nyaga akamsogeza mbele ya ukuta wa mabati. "Huyu ni mbuzi wa Mama Faith."

Mama Faith akapiga vigelegele. "Asante Yesu! Sikuwa hata nimeomba!"

"Mimi ndio nimetajwa kwanza," Mzee Ireri akasema. "Leteni kamba."

"Ireri, guza hii kamba utajua mimi ni nani! Hii mbuzi ilizaliwa kwa mikono yangu!"

Nyaga akamhamisha tena, karibu na kanzu za kwaya zilizokuwa zimeanikwa. "Huyu ni mbuzi wa Pasta." Pasta akainua mikono yote miwili: "Mimi sijasema kitu." Kisha Kelvin akaleta mbuzi mweusi wa babu yake, na spika ikampa Mama Purity.

"Kwa hivyo nimepata moja nikapoteza moja," Mzee Ireri akasema, na watu wakashikana kwa kucheka.

Nyaga hakucheka. Alikuwa anashika nyaya moja baada ya nyingine, jasho likimtoka. Profesa akafunga daftari. "Samahani, Profesa," Nyaga akasema kwa sauti ya chini, "nafikiri nimekosea hesabu mahali." Hata hakuniangalia. Haikuwa imemwingia akilini kwamba ni mimi.

Hapo ndipo nikainua mkono. Kama darasani! Profesa akasema, "Ndio, msichana?" na Pasta, kwa wema wake, akanisogezea maikrofoni mdomoni.

"Wote ni Karembo," nikasema, na nadhani hata sokoni walisikia. "Niliona haya kupiga hodi."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa hivyo haikuwa inaangalia mbuzi. Ilikuwa inaangalia tangi, mabati na nguo!" Akamgeukia Nyaga. "Wiki mbili, picha mpya. Na hili kosa uliandike kwa ripoti, lina maana. Mpiga picha abaki huyu huyu."

Boma tisa. Uji wa boma tisa. Kwa Mzee Ireri, Kelvin alimshika yule mweusi pembe, akaniuliza, "Huyu naye utamwandika nani?" Nikacheka, kidogo, lakini kwa sauti.

Jaribio la pili Nyaga alipita. Spika iliposema Karembo ni wa Shosho, Shosho akaijibu: "Si nilikuwa nimekwambia?"

Mpaka leo nikipita njiani Mama Faith ananiita, "Igoki, nisalimie mbuzi yangu!" Namwambia atasalimiwa. Na nimeapa, sitampa tena mbuzi mmoja majina kumi ili nikwepe hodi tisa. Siku hizi napiga hodi hata pale lango liko wazi.