Kanada ya Baba

Siropu ya mti wa mepo, ule wa Kanada, ina harufu ya sukari iliyokaribia kuungua. Juzi binti yangu aliimwaga juu ya chapati za maji, hapa hapa Edmonton ya London nilikokulia, nami nikasimama katikati ya jiko na mwiko mkononi, nimesahau nilichokuwa nikikoroga. Kila ninapoisikia harufu ile narudi mwaka wa tisini na tano. Nina miaka kumi, mwili umejaa tetekuwanga, na baba yangu amekaa pembeni ya simu amevaa kanzu mpya.

Nitawaeleza taratibu, maana kwetu habari za siasa zikielezwa haraka watu hununiana.

Baba alikuwa Mzanzibari wa wale walioondoka wakiwa bado vijana, na hakukuwa na nchi aliyoipenda kama Kanada. Hakuwahi kuikanyaga. Aliijua kwa makopo ya siropu aliyotuletea Mama mdogo Salha, mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi Montreal na mumewe Yusuf, Mkanada mwenye asili ya Kifaransa aliyesilimu kabla ya kumwoa. Kwenye kopo palikuwa na picha ya nyumba ya mbao, theluji, na moshi unaopanda wima. "Tazameni," Baba alikuwa akituambia, "hata moshi wa kule una adabu." Wageni wakianza kubishana sebuleni kwetu, aliinua kidole na kuwakumbusha kwamba Wakanada wanapiga kura, wanavaa makoti yao na wanarudi nyumbani kula.

Oktoba ya mwaka ule kulikuwa na uchaguzi Zanzibar. Matokeo yalichelewa, simu za huko zikawa hazishiki, na yalipotangazwa pande mbili zilikuwa zimekaribiana mno. Upande mmoja ukasema umeibiwa. Wazanzibari wa London wakagawika nao. Watu waliokuwa wakipelekeana sahani za futari walipishana sokoni Barking kana kwamba hawajuani, kwa ajili ya kura ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezipiga. Baba na Mzee Khatibu, aliyekuwa wa upande wa pili, walirushiana maneno nje ya msikiti mbele ya watu, maneno ambayo mama mpaka leo hataki kuyarudia.

Balaa ni kwamba Suleiman, mtoto wa Mzee Khatibu, alikuwa amwoe dada Zuhura mwanzoni mwa Novemba.

Zuhura alikuwa binti wa marehemu kaka yake Baba. Alilelewa kwetu. Ndiye aliyenisuka nywele na kunishikilia baiskeli nilipojifunza kuendesha, akikimbia nyuma yangu na baibui lake kalipandisha mpaka magotini. Hakuwa na baba, babu wala kaka, kwa hiyo walii wake alikuwa Baba. Kwa taratibu zetu, bila idhini yake hapakuwa na nikaha. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa, magunia ya mchele wa biriani yamejaa ukumbini hata tunapita upande upande, na Baba kimya. Zuhura alikuwa akimwuliza kwa sauti ndogo, "Ami, Jumamosi utakuwepo?" Baba alijibu, "Inshallah." Sote tuliijua inshallah ile. Ilikuwa ile ya kumwondoa mtu mlangoni.

Mama mdogo Salha aliwasili kwa ajili ya harusi, na makopo yake ya siropu, lakini peke yake. Alisema Yusuf ana kazi nyingi.

Jumanne asubuhi tulikuwa tunakunywa chai redio ikasema habari ya Kanada. Jimbo la Quebec, huko huko anakoishi Mama mdogo, lilikuwa limeulizwa kama linataka kujitenga na nchi. Waliokataa walikuwa wameshinda, lakini kiduchu tu, karibu nusu kwa nusu. Mimi nilishtuka kitoto. Nilidhani nchi zinazokatika ni zetu tu. Baba alishtuka kuliko mimi. Kijiko kilibaki hewani.

"Kanada?" aliuliza. "Kanada hii hii?"

Halafu akajikusanya, akatabasamu. "Basi huo ndio ustaarabu. Nchi imepasuka katikati kama papai, na hakuna aliyemnunia mwenziwe. Au siyo, Salha?"

Mama mdogo aliweka kikombe chini. 

"Yusuf hasemi nami, shemeji."

Mama aligeuka kutoka kwenye jiko. "Unasema nini wewe?"

"Nilimwambia nitapiga ya kukataa. Nilishahamishwa nchi moja mtoto mdogo, sitaki ya pili inikatikie miguuni. Akaniambia, miaka yote hii umekaa nasi na bado u mgeni. Mimi! Niliyemzalia watoto wanaoota kwa Kifaransa! Basi nikapanda ndege kabla ya siku yenyewe. Sikupiga hiyo kura wala yoyote."

Redio ilikuwa imeshahamia kwenye hali ya hewa. Mama mdogo alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akamkazia Baba macho makavu.

"Na hivyo alivyonifanyia yeye, ndivyo unavyomfanyia Zuhura. Usiisingizie Kanada, shemeji."

Nyumbani kwetu hakuna aliyesema na Baba namna ile. Niliinama nikingoja dari ituangukie. Baba aliitazama chai yake mpaka ikafanya utando. "Nitafanya linalonipasa," alisema, akavaa koti, akaenda kazini.

Jioni ile Mama mdogo aliikamata simu ya ukumbini na kugombana na mumewe. Wallahi sijawahi kusikia ugomvi kama ule. Kifaransa kilikuwa kikimtoka na mate, akilia, akipiga ukuta kwa kiganja, akikaa juu ya magunia ya mchele na kuinuka tena. Mimi na Zuhura tulikaa kwenye ngazi tukisikiliza bila kuelewa neno. Mwishoni akanyamaza, akasikiliza, kisha akacheka, kamasi zikimtoka. Nikapigwa na butwaa kwamba watu wanaweza kufokeana hivyo halafu wakacheka. Zuhura alikuwa ameegemeza kichwa kwenye nguzo ya ngazi.

"Heri yeye anafokewa," alisema.

Nilidhani anafanya mzaha.

Siku moja kabla ya harusi nikatokwa na tetekuwanga. Jumamosi mama akanipaka dawa ya rangi ya waridi mwili mzima, na ikaamuliwa nibaki. Jirani wa chini angekuja kukaa nami Baba akiondoka. Wanawake walitangulia harusini Barking. Zuhura hakuweza kunikumbatia, akanipungia kutoka mlangoni. Kisha akaiona kanzu mpya ya Baba imetundikwa, imepigwa pasi. Uso wake ulichanua, nami bado nauona hivi sasa.

Baba alioga. Alivaa kanzu, akavaa kofia yake ya kutarizi kwa mkono, akajipaka mafuta ya udi. Nyumba nzima ikanukia harusi. Halafu akavuta kiti kidogo cha ukumbini, akakaa karibu na simu.

Nikamwuliza kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa tukiwajibu wazazi siku zote, kama hatachelewa.

"Sichelewi," alisema, na kuanza kubonyeza namba.

"Sheikh, asalaam alaykum. Nimekuwakilisha wewe, usimame mahali pangu, uniozeshee binti ya kaka yangu, Zuhura binti Rashid, kwa Suleiman bin Khatibu, kwa mahari waliyokubaliana." Alilitamka jina la Khatibu vizuri, bila kukwama. Akangoja. Baada ya muda nikasikia vigelegele kwenye mkono wa simu, vidogo kabisa, kama vya nyenje. Baba akasema, "Mungu awabariki," akaurudisha mkono wa simu mahali pake polepole, akabaki amekaa na kofia yake.

Kisheria alikuwa hajakosea hata nukta. Nami, mtoto, nilijivuna. Nilipopona niliwasimulia wenzangu shuleni kwamba baba yangu anaweza kuozesha watu kwa simu.

Mama alinieleza mengine nilipokuwa mtu mzima. Sheikh alipopanda juu kumwuliza Zuhura ridhaa yake, Zuhura aliuliza kwanza, "Ami yuko chini?" Sheikh akajibu kwamba Ami amewakilisha kwa simu. Zuhura akaridhia ndoa, na siku ile hakuuliza kitu kingine.

Yusuf alikwenda kumpokea Mama mdogo uwanja wa ndege. Mpaka leo wanagombana kuhusu Quebec, na wamezeeka pamoja wakigombana. Miaka michache baadaye Zuhura na Suleiman walihamia Montreal. Kila Idi Zuhura alipiga simu, akamwuliza Baba afya yake, akamtajia watoto mmoja mmoja. "Zuhura ana adabu sana," Baba alikuwa akisema. Vyama vya siasa vya nyumbani Zanzibar vilipopatana, yeye na Mzee Khatibu wakarudi kunywa kahawa meza moja Barking kana kwamba hakuna lililotokea. Baba akanunua sanduku la safari ya Kanada. Likakaa juu ya kabati, kwa sababu katika simu zote zile Zuhura hakumwambia hata mara moja, njoo.

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya kwenye ngazi. Zuhura angeyapokea matusi ya Baba. Alichopewa ni heshima, kwa simu, na heshima ndiyo aliyomrudishia.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mama alimpigia Zuhura. Mimi ndiye niliyemshikia Baba simu sikioni. Alikuwa na akili zake zote. Walisalimiana, wakaombana radhi, kila mmoja akamsamehe mwenziwe kama inavyotakiwa. Kisha Baba akauliza kwa sauti ndogo, "Utakuja, Zuhura?"

Nilikuwa karibu kiasi cha kulisikia jibu.

"Inshallah, Ami."

Baba alifumba macho. Aliijua ile inshallah.