Vifungo vya Koti la Bundala

Wakili Mhindi niliyekuwa karani wake pale Tabora alikuwa na sauti ndogo. Hata mahakamani watu walimsogelea ili wamsikie. Akisikiliza jambo zito alifuta miwani yake, akaitazama, akaifuta tena. Mwaka 1947 alimtetea Bundala wa Kigwa, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma na vidole visivyokunjika. Serikali ilikuwa imemnyima pensheni ya majeruhi, kwa sababu kila daktari alipomuuliza hali, Bundala alisimama wima na kujibu, "Njema, bwana."

Shauri liliposikilizwa upya mbele ya jopo la madaktari, akaulizwa hali, akajibu vivyo hivyo. Wakili akafuta miwani. "Bundala," akasema taratibu, "hebu funga vifungo vya koti lako." Bundala akahangaika na kifungo cha kwanza mpaka jasho likamtoka. Madaktari wakamkodolea macho. Wakili peke yake akageukia dirishani. Pensheni ikakubaliwa asubuhi ile ile.

Tulipotoka nje, Bundala hakushukuru. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Ni kweli," wakili akajibu. Akainama, akaanza kumfunga vifungo, kimoja baada ya kingine. Bundala akamwachia, huku akitazama pembeni.