Jani Tu

Nilirudi kijijini kwetu, pande za Shumba, kwa ajili ya hitima ya jirani yetu wa zamani. Dua ilipokwisha na sinia za pilau zikaondolewa, miguu yangu ikanipeleka bondeni bila kunishauri. Mpunga ulikuwa umesimama kijani, maji yakifika vifundoni. Ukingoni, penye tope lisilolimwa, nikaliona lile ua la manjano kwenye bua moja refu. Nakwambia, ndugu yangu, nilichutama pale pale na kanga yangu nzuri ya hitimani.

Bibi yangu aliliita chikanda. Mama yake ndiye aliyelileta neno hilo Pemba kutoka upande wa Nyasa, na katika kijiji kizima tulikuwa nalo bibi na mimi tu. Mama yangu mimi alikwenda Mombasa, kama wengi walivyoondoka baada ya Mapinduzi, akaahidi kurudi kunichukua. Basi nyumba ikawa ya bibi na mimi, na miaka ile mchele ulikuwa wa kupangia foleni, tena unaisha wakati mbele yako wamebaki watu watatu.

Bibi hakuisumbukia sana foleni. Maua yakishakauka tulishuka bondeni na kijembe, tukafukua. Chini ya kila bua palikuwa na viazi viwili vidogo, kimoja kimenywea, kingine kigumu kimejaa. Kigumu kilikuwa chetu.

"Kino kikongwe kirejeshe shimoni," alinambia. "Ndicho kilicholea kichanga."

Nami nilikifukia taratibu, maana kilifanana na mikono yake.

Nyumbani alivianika, akavitwanga, unga akautia chunguni na maji ya jivu, chumvi na pilipili. Kwao walitia karanga. Yeye, karanga zikikosekana, alikuna nazi. Alisonga mpaka mwiko ukagoma, kisha akapalia makaa juu ya kifuniko. Chikanda kikipoa alikikata vipande, na mdomoni kilikuwa laini kama ini. Nilikipenda sana. Hilo nataka ulijue kabla sijakwambia lililonitia aibu.

Jirani, huyu huyu tuliyemsomea hitima, alikuwa mtu wa maneno. Akituona na ungo wetu alicheka, "Wabara na mizizi yao." Hakuwa mbaya, mara ngapi alituletea samaki. Lakini watoto wake walilichukua neno hilo mpaka skuli, nikaitwa Mizizi. Wakati wa mapumziko nilikaa peke yangu nyuma ya darasa, na upweke ule wa mchana kweupe sijausahau.

Siku moja mwalimu alitupeleka bondeni kwa somo la mimea. Akalichuma lile ua, akaliinua.

"Nani anajua jina lake?"

Bibi alikuwa akipalilia mpunga, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Aliinua mgongo akanitazama, na uso wake ulishafurahi kabla sijafungua kinywa. Watoto wa jirani nao wakanigeukia.

"Jani tu, mwalimu," nikasema.

Bibi akainama, akaendelea kupalilia. Jioni hakunigombeza, wala hakunikumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Alinipakulia kama kawaida. Ila msimu uliofuata, chungu kilipoiva, aliniita, "Njoo ule, mjukuu wangu. Leo tuna jani." Hivyo ndivyo alivyokiita mpaka anakufa. Lile neno la mama yake hakunitamkia tena, nami sikuwa na uso wa kumwomba alirudishe.

"Watafuta nini, bi nkubwa?" Mwanamke kijana aliyekuwa akipalilia karibu na pale nilipochutama, siku hiyo ya hitima, alinishtua.

"Chikanda," nikasema, mara ya kwanza kwa sauti tangu utotoni.

Alikaribia, akalitazama ua, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

"Hilo jani tu, bi nkubwa."

Nilitaka kumkatalia, lakini kwa uso gani? Maneno yale niliyasema mimi kwanza, pale pale, na wa kumwomba radhi hayupo.