Jina nililolikata

Televisheni ya serikali hapa Kamina haikumaliza hata mwaka, lakini mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka. Mimi nilikuwa nikisoma matangazo ya vifo. Mjane mmoja alileta tangazo la mazishi ya mumewe, fundi wa reli. Wakati ule wa Zaire majina ya ubatizo yalikatazwa, nikalikata la marehemu, nikasoma la ukoo tu. Wenzake wa reli walimjua kwa lile la ubatizo. Walinisikia, wasitambue kuwa ni yeye, wakaendelea kunywa pombe yao.

Baada ya mazishi mjane alinijia. “Papa, weye ulitangaza kifo ya nani? Bwana yangu tulimuzika minyi na batoto tu!”

Nikamjibu kwamba mkubwa wangu ndiye aliyelikata jina la ubatizo. Uongo! Mkubwa hakuiona hata ile karatasi. Nililikata mwenyewe, kwa woga wangu.