Mbwa Aliyemsamehe Mpishi

Phineas Garama aliwapikia Wazungu wa Changamwe miaka kumi na mitatu, na kwa muda wote huo hakuwahi kuunguza hata sufuria ya maziwa. Alikuwa Mrabai, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kunyoosha kola hata akiwa jikoni. Mwaka wa 1961 alikuwa kwa bwana mmoja mkubwa wa reli, mwenye mke, bustani ya mawaridi, na mbwa aitwaye Tobi.

Tobi alikuwa na kiti chake barazani na sabuni yake ya kuogea. Kila alasiri memsabu alimmegea chokoleti, naye Phineas, sinia la chai mkononi, aliitazama ikiyeyuka juu ya ulimi ule mrefu. Yeye mwenyewe hakuwa ameionja.

"Memsabu," alisema siku moja kwa adabu, "kwetu mbwa hapewi vitu vitamu. Humdhuru."

"Kwenu, Phineas, mbwa hapewi kitu chochote."

Hilo lilikuwa kweli, akamimina chai.

Tobi alipotimiza miaka sita, memsabu aliagiza keki ya chokoleti, itiwe ile nyeusi ya kupikia, yote iliyokuwamo kabatini. Phineas akaoka, akaandika jina la mbwa juu yake kwa sukari. Mabibi wanne wakaja na glovu zao, wakaimba, wakala vijipande kwa kuogopa kunenepa. Tobi akaachiwa iliyobaki.

Jua halijatua, mbwa alikuwa anatapika juu ya zulia, miguu inatetemeka, moyo unamdunda kama ngoma ya arusini.

"Sumu!" memsabu akapiga ukelele. "Phineas amemtilia sumu!"

Bwana akamsukumia Phineas stoo, akatia kufuli. Akampigia simu daktari wa wanyama kwanza, kisha polisi. Kati ya magunia ya viazi, Phineas aliona aibu kuliko hofu. Akatega sikio mlangoni.

"Amekula nini?" daktari aliuliza alipofika.

"Keki tu."

"Keki ya nini?"

"Ya chokoleti."

"Basi sumu ndiyo hiyo. Mwili wa mbwa hauiwezi chokoleti, na hiyo nyeusi ndiyo mbaya zaidi. Nani aliyempa?"



"Mimi," memsabu akasema, kwa sauti ndogo.

Polisi wakaambiwa wasije, Tobi akatibiwa, na siku ya tatu akatikisa mkia. Phineas, aliyekwisha kufunguliwa na kurudi kwenye masufuria yake, alikuwa bado akingoja neno. Neno likaja wakati wa chai. Memsabu alimwita barazani, akaushika mguu wa mbele wa mbwa, akamnyooshea.

"Tobi anasema amekusamehe."

Phineas akautazama ule mguu.

"Mimi na Tobi hatuna ugomvi, memsabu. Si yeye aliyenifungia stoo."

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akatoka kwa mlango wa mbele.

Nyumbani Magongo, mkewe Jumwa alishika kiuno. "Baba Kaviha, sasa tutakula nini?"

"Sijui."

Lakini aliposikia habari ya msamaha, Jumwa alicheka hadi akakaa chini. Asubuhi yake wakaanza kukaanga mahamri kando ya barabara. Kufikia Uhuru walikuwa na banda na meza tatu. Wateja wengine walifuata mahamri; wengine walifuata kisa, na Jumwa, ambaye hakuwepo, ndiye aliyekisimulia vizuri kuliko mwenyewe.