Vishimo Ishirini na Nane vya Fusae

Fusae Kurimoto amekaanga vitumbua vya pweza miaka thelathini na moja kwenye kibanda kimoja, nyuma ya stesheni ya Kaizuka. Chuma chake cha kukaangia kina vishimo ishirini na nane, vinne kwa upana na saba kwa urefu. Anavigeuza vitumbua kwa vijiti viwili vya chuma bila hata kutazama, huku akijibizana na wateja.

"Mama, pweza kasafiri?" Tetsuji kinyozi humtania. "Nimekula vitatu, nakutana na unga mtupu."

"Kwani wewe ukinyoa watu, huwa unawabakishia?"

Tetsuji hucheka, halafu hununua tena.

Kwa maneno ya namna hiyo Fusae hashindwi. Shule ndiyo inayomtoa jasho, maana hakukaa huko sana. Mjukuu wake Chinatsu, wa darasa la pili, alipokuja kibandani macho mekundu, karatasi ya kuzidisha mkononi, bibi aliweka vijiti chini. Mama wa mtoto yuko kiwanda cha taulo mpaka jioni, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Darasani kila mtoto husimama mbele ya meza ya mwalimu, akaghani hesabu zake kwa moyo, na akipatia anagongewa muhuri. Wenzake walishafika jedwali la tisa. Chinatsu alikuwa amekwama kwenye saba.

"Saba mara nne..." Chinatsu alianza.

"Nne mara saba je?"

"Ishirini na nane."

"Haya, tazama chuma. Ukisimama hapa unaona mistari saba ya vinne. Njoo upande huu. Unaona nini?"

"Mistari minne. Ya saba saba."

"Kuna kitumbua kimekimbia?"

Chinatsu akahesabu vyote kwa kidole, akacheka. Wiki ile alipata mihuri mitatu. Akawa kila akiona ngumu anaigeuza, na bibi akaanza kutembea kama mtu aliyesoma.

Kisha ukaja mtihani. Sahani saba, kila moja ina machungwa matatu. Chinatsu aliandika saba mara tatu, ishirini na moja. Jibu lilizungushiwa duara jekundu la kupata, lakini hesabu yenyewe ikachorwa mkato wa kukosa. Maswali mengine manne yakawa vivyo hivyo.

"Bibi, ulisema ni sawa."

"Ni sawa. Nitaenda kumwona mwalimu."

Akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata mwaka aliofiwa na mume. Mwalimu Okuda, binti mdogo mwenye adabu, alimwinamia mara mbili.

"Jibu ni sahihi kabisa, Bibi Kurimoto. Ila tunataka mtoto aonyeshe kuwa ameelewa swali. Kwanza aandike machungwa ya sahani moja, ndipo aandike sahani ni ngapi."

Fusae alikuwa na la kusema. Ukigawa chungwa mojamoja kwa kila sahani, mzunguko mmoja unakula machungwa saba, na unazunguka mara tatu. Basi saba si inaweza kutangulia? Yeye mwenyewe hutia pweza kwenye vishimo hivyohivyo, leo kwa upana, kesho kwa urefu. Alikuwa nayo yote kichwani, lakini mdomoni hayakuja. Akaangalia ndara za wageni alizopewa mlangoni mwa shule, akainama.

"Samahani kwa usumbufu, Mwalimu."

Chinatsu alikuwa anamngoja nje ya kibanda.

"Umemwambia?"

"Uandike anavyotaka mwalimu."

"Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, mwanangu. Ni sawa."

"Sasa mbona amenikosesha?"

Fusae akawasha moto, akamimina unga. Akavigeuza vitumbua mapema mno, vikapasuka vyote. Tetsuji alipita, akafungua mdomo kutania, akaona uso wake, akaenda zake.

Chinatsu akatoa fomu mkobani. Ni ya watoto wanaobaki shuleni mpaka jioni na kusaidiwa masomo.

"Nataka kubaki huko. Mama amesema nikuulize wewe."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Fusae alifuta mikono, akatafuta kwenye droo muhuri wa jina lake, ule wa kuweka badala ya saini, akaugonga kwenye fomu. Chinatsu akaisogeza karatasi karibu na macho, akiangalia kama umekaa wima ndani ya kisanduku chake.

"Haujapinda, bibi?"

"Sijui," alisema Fusae. "Angalia wewe."